Siku Tuliyomzika Akosua Umeme

Jumapili, 8 Oktoba

Tumeanza kuvunja kakao. Mvua asubuhi.

Zamani mke wangu Eulalia ndiye alikuwa anaandika siku zetu. Mvua imenyesha, mtoto kaumwa, kakao imekauka. Eulalia kafa Julai. Sasa naandika mimi. Shule niliishia la nne, kwa hiyo maneno yangu ni haya haya.

Mchana kaja kambini Sarpong wa video na jenereta yake. Kaziba banda la magunia kwa maturubai ili giza liingie, katundika shuka jeupe. Kasema ana picha mpya, imetengenezwa Kumasi. Inaitwa Akosua Umeme. Dada anauza kenke, madonge ya mahindi, barabarani, nguzo ya umeme inamwangukia, hafi. Anaamka na umeme mikononi. Anaruka juu ya nyumba, anabeba lori, anawapiga wachimba dhahabu wanaochafua mto.

Akolgo akapiga kelele, "Hee! Dada wa watu anaruka na gauni! Walioko chini mfumbe macho!"

Bibi Pognaa, jirani yetu, akamjibu hapohapo. "Fumba wewe. Na mdomo ufumbe, unanuka mbwa."

Akolgo ni Mfrafra. Sisi Wadagara, wote tumetoka kaskazini kulima kakao ya watu. Ni watani tangu mababu, tunagombania kichwa cha mbwa. Banda zima likacheka. Ayuo, binti yangu, hakucheka. Kakaa mapajani kwangu anatazama tu.

Jumanne, 10 Oktoba

Mvua. Kuvunja. Mgongo.

Jumamosi, 14 Oktoba

Ayuo anaweka bakuli la mama yake kila jioni. Napika ugali wa mtama, yeye anachukua mabakuli, langu, lake, la mama yake. Namwambia mama hayupo. Anasema najua, amechelewa. Asubuhi anamwagia kuku.

Siku ile ya Julai mto ulifurika, njia ya gari ikakatika. Homa ilimchukua Eulalia siku mbili tu. Nana Boadi, mwenye shamba, kasema maiti ya mgeni hailali katikati ya kakao yake. Tukamzika jioni ileile, pembeni, chini karibu na mto. Hakukuwa na marimba ya msiba kama kwetu. Tulikuwa watu wachache na majembe. Ayuo alifungiwa kwa Bibi Pognaa asione.

Ana miaka minane. Hajalia hata mara moja.

Jumapili, 15 Oktoba

Sarpong kaja na picha ileile. Hana nyingine. Watu wamejaa kupita wiki ile.

Wanaume wanasema ni uongo. Ziem akauliza, "Mwanamke akiruka hivyo, nani anapika?"

"Mumewe!" wanawake wakajibu pamoja.

"Hana mume huyo."

"Ndiyo maana anaruka!"

Kelele mpaka Sarpong akaongeza sauti.

Njiani Ayuo akaniuliza, "Akosua akiruka anaenda wapi?"

"Kumasi."

"Mama naye aliruka akaenda?"

Nikamwambia aangalie njia. Nilikuwa nimebeba panga na kapu.

Jumapili, 22 Oktoba

Picha ileile. Sasa wanayajua maneno yote. Akosua akimwambia mkubwa wa wachimbaji, "Mto huu una mama yake," wanawake wanasema kabla yake.

Mke wa Ziem kakataa kumbebea mumewe gunia. Kamwambia, "Kama mimi ni Akosua nitabeba. Lakini nikishakuwa Akosua, wewe utakuwa wa kwanza kupigwa umeme." Ziem kabeba mwenyewe. Kambi nzima inamcheka.

Jumatatu, 23 Oktoba

Tumefunika kakao kwa majani ya mgomba ichachuke. Harufu imeshika nguo.

Ijumaa, 27 Oktoba

Dery kapiga simu kwa Akolgo, mimi sina simu. Dery ni kaka wa Eulalia. Kasema hivi, "Shemeji, dada yetu mlimfukia kama mbuzi. Sawa, yamepita. Nasikia mtoto anapakulia maiti chakula. Nakuja Desemba. Nikimkuta hivyo namchukua, akae kwa bibi yake."

Nikamwambia, "Mtoto ni wangu."

"Mtoto ni wako. Mama yake alikuwa wetu."

Akakata. Ayuo ndiye aliyebaki. Simtoi.

Jumapili, 5 Novemba

Leo nimegombana na Akolgo. Tulikuwa tumekaa kwenye rundo la maganda. Akasema, "Mdagara, mke wako alikufa makusudi. Alisikia zamu ya kula kichwa cha mbwa ni yake."

Najua ni utani. Kwetu mtani ndiye anayekuja msibani na kumtukana marehemu, watu wacheke wapate pumzi. Lakini Julai hakuja. Alikuwa kaenda kuuza ndizi, mto ukamzuia. Sasa anatania miezi minne baadaye, mbele ya mtoto. Nilimrushia ganda la kakao likampata sikioni.

Hakurudisha. Kasema, "Basi, umeshinda," kaendelea kuvunja.

Ni mtu asiye na aibu.

Jumanne, 7 Novemba

Ayuo kaweka bakuli. Nimelirudisha rafuni. Kaliweka tena.

Jumapili, 12 Novemba

Sarpong hakuja. Katuma neno kuwa kaenda Kumasi kuchukua sehemu ya pili. Watu wamezunguka siku nzima kama kuku waliokosa mahindi.

Alhamisi, 16 Novemba

Kuanika. Jua zuri. Nimegeuza mbegu siku nzima. Nana Boadi kapita, kauliza kama mtoto anaendelea vizuri. Nimesema ndiyo. Siku hizi namjibu neno moja moja.

Jumatatu, 20 Novemba

Jana sikuandika. Sikuweza. Mkono una alama ya mkanda.

Sarpong alileta sehemu ya pili. Walikuja mpaka wa ng'ambo ya mto. Akosua kapigana vizuri. Wanawake walisimama tangu mwanzo, wengine wana watoto mgongoni. Kisha shimo la dhahabu likabomoka, vibarua wakiwa ndani. Akosua kashuka. Kawatoa mmoja mmoja, anawarusha juu kama sisi tunavyorusha kakao kapuni. Wa mwisho katoka. Akosua hakutoka. Udongo ukamfunika.

Wanawake wakakaa chini. Jenereta tu.

Picha ikaonyesha jeneza. Msiba wa kusini, watu wamevaa nyeusi na nyekundu, viti vya plastiki, spika kubwa. Baba wa Akosua kasimama peke yake pembeni, miwani nyeusi, mikono nyuma. Hakuna aliyemgusa.

Bibi Pognaa akanyanyuka. "Nani kamshika baba wa marehemu?"

Mtu akasema, "Bibi, kaa, hatuoni."

"Nauliza nani kamshika! Mbona hana kamba? Yule atajitupa shimoni!"

"Mfungeni!" mke wa Ziem akapaza sauti. "Mfungeni baba wa watu!"

Kwetu mtu akifiwa haachwi hivi hivi. Mume au mke au mzazi anafungwa mkanda wa ngozi mkononi, mtu mwingine anashika ncha. Mtoto anafungwa kamba mguuni. Ni ili asikimbie kwenda kujidhuru. Hapo kwenye shuka baba anazika binti hana hata uzi. Wanawake wetu hawakuvumilia. Bibi Pognaa akaanza kulia kilio chenyewe, kile cha kumwita marehemu kwa ukoo wake, ila ukoo wa Akosua haujui akampa wa kwetu. Wengine wakamjibu. Ziem, yule aliyeuliza nani anapika, kageuza sanduku la soda akalipiga kwa vijiti, ndiyo marimba. Watu wakaanza kurusha sarafu kwenye shuka kama kwetu tunavyomrushia maiti aliyekalishwa kitini.

Sarpong akadhani anapigwa mawe. "Nyie! Mnatoboa shuka langu!" Akazima.

"Unazimaje matanga?" Sauti kama ishirini.

"Matanga gani? Hii ni picha! Yule dada yuko Kumasi sasa hivi anakula fufu!"

"Kula wewe hiyo fufu! Washa, tumlilie mwenzetu!"

Akawasha. Yeye ni mtu wa kusini, amezoea kutucheka. Jana hakucheka. Alisimama kashika waya kinywa wazi.

Hapo nikaona Ayuo hayupo mapajani. Kaenda kwenye magunia. Kachomoa uzi wa katani wa kushonea, kachuchumaa, kajifunga mguuni mwenyewe. Fundo baya. Akaja na ncha ya pili, akanipa.

"Baba, shika."

"Ya nini?"

"Mama amekufa. Si ndiyo?"

Tangu Julai nilikuwa nasema mama hayupo. Kufa sikulitaja hata siku moja. Waliokaa karibu wote waligeuka.

Nikasema, "Ndiyo. Amekufa."

"Mimi hamkunifunga."

Kisha kilio kikaja. Sikujua mtoto mdogo anaweza kuwa na sauti ile. Alianguka. Bibi Pognaa akanyakua uzi mkononi mwangu, akauzungusha kiganjani mwake. "Lia, mama. Nimekushika. Lia, hutaenda popote."

Halafu akanitazama mimi. "Na huyu? Amefiwa tangu mvua, anatembea kama ng'ombe aliyekata kamba. Nani ana ngozi?"

Hakuna aliyekuwa na ngozi. Akolgo akafungua mkanda wa ala ya panga lake. Ni ngozi ya mbuzi, kautengeneza mwenyewe. Akanifunga mkono, akakaza, akashika ncha.

"Mdagara," kasema, "leo sina utani."

Tukatoka bandani, kambi nzima, tukateremka mpaka mtoni. Kaburi lilishafunikwa na majani ya kakao, ilibidi nitafute. Ayuo alipoliona akakimbia, uzi ukakaza, Bibi akamvuta taratibu. Mimi nilidhani nitasimama tu, nimwonyeshe mtoto. Sikusimama. Nilikimbilia mtoni, sijui kwa nini mtoni, na Akolgo akanivuta mpaka nikaanguka chali. Nikalia pale. Nilimwita Eulalia kwa sauti. Watu walipiga makopo, masanduku, walichokuwa nacho. Kwa marimba ni mbaya, lakini ilikuwa ngoma.

Nana Boadi alikuja kutazama kelele shambani kwake. Nilimwona kupitia miguu ya watu. Alisimama kidogo, kisha akavua makubazi yake, akabaki peku kwenye tope mpaka tulipomaliza.  Siwezi tena kumchukia kama nilivyokuwa namchukia. Najaribu, haiji.

Jioni Ayuo alitoa mabakuli mawili.

Jumanne, 21 Novemba

Kuvunja. Akolgo kasema, "Leo ninao." Akanitukana mimi, baba yangu, na mbwa wetu wote. Nilicheka mpaka kifua kikauma. Nimemwomba radhi kwa lile ganda. Kasema sikio lake lile lilikuwa halisikii vizuri, sasa linasikia.

Jumapili, 26 Novemba

Watu wametaka sehemu ya pili tena. Wanawake wamekuja na vitambaa vya kichwa vya msiba. Sarpong katandika shuka kuukuu chini ya lile la picha, zile sarafu zidondokee hapo. Mjanja. Ayuo hakutaka kwenda. Kasema, "Si tumeshamzika?"

Jumamosi, 2 Desemba

Vumbi la kaskazini limeanza. Midomo imepasuka. Dery kafika na lori la mtama, kaleta karanga na unga kutoka kwa mama mkwe. Kabla ya kula kaomba kuonyeshwa kaburi. Nilikuwa nimelipalilia. Kakaa huko muda. Aliporudi kasema, "Shemeji, nilikuja na matusi. Nimeyaacha mtoni."

Jumatatu, 4 Desemba

Dery kasema mama mkwe amekubali kufanya matanga yenyewe kiangazi hiki, na marimba mbili, na pombe ya mtama. Wanataka Ayuo awepo. "Kisha abaki kwa bibi yake, asome."

Nikasema, "Aje na mimi kakao ikiisha. Turudi wote."

"Kakao inaisha lini?"

Mwezi mzima na zaidi. Nikiondoka kabla haijakauka, msimu wangu wote nimempa mwingine. Anajua. Aliuliza tu.

Ayuo alikuwa anasikiliza mlangoni. Kasema, "Nataka nikamlilie mama kwao. Kwa marimba ya kweli."

Nikamwambia akalale.

Jumatano, 6 Desemba

Nimemkatalia Dery. Nimemkatalia mara mbili. Ayuo hanitazami.

Bibi Pognaa kaniambia, "Gervasi, unamshika mtoto au unajishikiza kwake?" Nimemwambia mambo ya nyumba yangu aniachie.

Ijumaa, 8 Desemba

Sarpong kapita na gari, kafunga kitambaa ubavuni kimechorwa rangi. Sehemu ya tatu, Jumapili. Nimesoma kwa shida maana maandishi yana mapambo. AKOSUA AFUFUKA. Wamemchora anatoka jenezani, umeme mikononi, anacheka.

Watoto walikimbilia gari wanaruka. "Anaamka! Anaamka!" Ayuo alikuwa mtoni anateka maji. Hakuona.

Nilisimama pale mpaka gari likapotea. Nilifikiria bakuli la tatu.

Nikaenda nikamsimamisha Sarpong kwenye njia panda. Nikamwambia, "Hiyo usiilete."

"Kwa nini? Wanaisubiri wote."

"Mwanangu."

Alielewa. Alikuwepo siku ile. Akakuna shingo. "Mzee Gervasi, hata nisipoileta mimi, ipo kila kijiji. Watoto watamwambia mtoni. Utaziba midomo mingapi?"

Kweli. Hapa kambini hakuna kitu kingine kinachosemwa. Kwa mama mkwe hakuna video. Kuna mtama na kanisa na makaburi ya watu wao.

Jioni nimemwambia Dery, "Mchukue. Kesho."

"Kesho? Lori liko Jumatatu."

"Kesho asubuhi. Tafuta lingine."

Amedhani nimeshindwa maneno. Kanishukuru sana. Sikumweleza.

Jumamosi, 9 Desemba

Wameondoka. Nilimfungia Ayuo nguo ya mama yake, ile ya maua ya kijani. Hakulia. Alinishika kidole, akakiachia, akakishika tena.

Lori lilipowashwa Akolgo akalala barabarani mbele ya magurudumu, mikono kifuani kama maiti. "Wadagara hawaibi mtoto hapa! Nileteeni kichwa cha mbwa ndiyo niondoke!" Dereva akapiga honi. Dery akashuka akamtupia karanga, akakataa. Akamtupia kofia yake, akakubali. Ayuo alicheka. Alicheka kwa sauti, ameziba mdomo. Ndiyo sura niliyobaki nayo, na vumbi.

Jumapili, 10 Desemba

Nimekwenda. Sikutaka kukaa nyumbani.

Akosua kafufuka. Mkono umetoka udongoni kwanza, halafu kichwa. Banda lilipasuka. Watu walikumbatiana, mke wa Ziem kamkumbatia Ziem. Watoto wanarukaruka mpaka turubai likaanguka na jua likaingia.

Bibi Pognaa peke yake alikasirika. "Wee Sarpong! Mimi niliyemlilia mpaka sauti ikakauka, ananirudia na viatu vya kisigino? Nirudishie machozi yangu!"

Walimcheka sana. Mimi pia nilicheka kidogo. Kisha nikamwona amekaa chini, anajifuta kweli. Bibi huyu amezika watoto watatu. Nikaenda nikakaa naye. Nikamwambia lile la juzi nilikosea. Kasema, "Najua," akanisogezea mkeka.

Jumatatu, 11 Desemba

Kuanika.

Jumapili, 17 Desemba

Kuanika. Napika kingi. Sijazoea bado.

Jumatatu, 25 Desemba

Misa. Wali na kuku kwa Nana Boadi. Nyumba kimya.

Jumapili, 7 Januari

Kakao ya mwisho imeingia maguniani. Vumbi limefunika jua, lina rangi ya yai.

Akolgo alinijia shambani anakimbia na simu. Dery. Kasema matanga yalikwenda vizuri. Mama mkwe alimshika Ayuo kamba yeye mwenyewe tangu asubuhi hadi jioni. Mtoto kalia, kalala, kaamka, kala. Kisha akampa simu.

"Baba."

"Mwanangu."

"Marimba zilikuwa mbili."

"Nimesikia."

"Unakuja lini?"

"Gari likipatikana. Wiki hii." Nitakwenda. Kurudi naye sijui. Anasoma sasa, Dery kasema mwalimu wake ana kipaza sauti.

 Nilisikia upepo wa kwao kwenye simu.

"Baba, kuna mtoto hapa ametoka kusini. Anasema Akosua aliamka."

Akolgo alikuwa amesimama karibu yangu. Alisikia. Akageuka akatazama magunia.

"Anasema aliona," Ayuo kasema. "Aliamka kweli?"

"Hapana," nikamwambia. "Nilikuwepo mpaka mwisho. Hakuamka."

"Eeh. Nilimwambia anadanganya."

Kisha akaniambia kanga wa bibi wametaga, mayai kumi na moja, na moja amepewa yeye.